Kula vya Huko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waswahili Wanaoishi Ulaya

Anayefika Ulaya akitokea kwetu, simu yake ya kwanza kwa aliyemtangulia huwa ya makaratasi. Ya pili ni ya tumbo: wapi kuna sembe, wapi kuna muhogo, wapi kuna ndizi za kupika. Hayo yana majibu mepesi, kwa kuwa mji wenye ukubwa wa maana haukosi duka la Waafrika au la Waasia. Majibu ya hapa chini yanahusu upande wa pili, yaani vyakula vya wenyeji wenyewe na vitafunwa vyao. Aliyeyaandika ni mlaji, si mpishi, na ana upendeleo wake. Utauona.

Ni kweli chakula cha Wazungu hakina ladha?

Inategemea ulitua mwezi gani. Wengi wetu tunafika Septemba au Oktoba kwa ajili ya masomo, tunaanza kujipikia Novemba, na nyanya ya Novemba pale Ujerumani au Uholanzi ni maji yaliyopakwa rangi nyekundu. Unaonja, unakunja uso, unapiga simu nyumbani kutoa taarifa. Taarifa hiyo inadumu miaka kumi.

Kwetu embe lina msimu wake, lakini msimu ukipita soko halifi. Huku msimu una ukali, na mwenyeji anayejua kula anakula kwa kalenda. Mfano mzuri ni asparagasi nyeupe ya Wajerumani, Spargel. Inalimwa chini ya matuta ya udongo isione jua, inaanza kuuzwa Aprili, na tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wakulima wanaacha kuvuna ili mmea upumzike. Katika wiki hizo Wajerumani wanaila kama watu walioambiwa haitarudi tena: vibanda barabarani, menyu maalumu mikahawani, mazungumzo ofisini. Ukiila Mei na siagi na viazi vipya utaelewa. Ukiinunua ya kopo Januari utarudi kwenye ile simu.

Vivyo hivyo stroberi ni za Juni, na nyanya, hasa za Italia, Ugiriki na Hispania, ni za Julai na Agosti. Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu, kaa mwaka mmoja mzima.

Nianze na chakula gani ili tumbo lisishtuke?

Anza na ndugu wa vyakula unavyovijua. Wako wengi kuliko tunavyoambiwa, ila wamebadilisha majina.

Ugali upo. Kaskazini mwa Italia unaitwa polenta, Romania ni mămăligă, Serbia na Montenegro ni kačamak. Mahindi yalifika kwao na kwetu yakitokea bara lile lile la Amerika, na akili ya kusonga unga kwenye maji yanayochemka ikawajia wote. Wao wanapenda unga wa njano, na wanausonga muda mrefu, hata dakika 40, mpaka mkono ufe ganzi. Mromania wa kijijini anaimwaga mămăligă juu ya ubao na kuikata kwa uzi, kisha anaila na jibini na malai chachu. Na huko Veneto, mkoa wa Venice, kuna polenta nyeupe inayoliwa na samaki. Mtu wa Mwanza akiwekewa sahani hiyo atatafuta maji ya kunawa bila kuuliza jina lake.

Sukuma wiki ipo pia. Wareno wana supu iitwayo caldo verde, ya viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya couve-galega yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, kwa mkato ule ule wa akina mama wa sokoni kwetu. (Juu yake huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe, asiyekula aseme mapema.) Wadachi (yaani Waholanzi) nao wakati wa baridi wanauza boerenkool, majani yaliyojikunja, yameshakatwa na kutiwa kwenye mfuko. Wao wanayaponda na viazi na kuyaita stamppot. Wewe unaweza kuyakaanga na kitunguu na nyanya, jirani akahisi harufu na kuja kuuliza kulikoni.

Halafu kuna uvumi kwamba Wazungu hawali utumbo. Aliyeuanzisha hakufika Florence, ambako vibanda vya barabarani vinauza lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa na kutiwa ndani ya mkate kwa mchuzi wa majani mabichi. Hakufika Porto, ambako watu wa mji wenyewe wanaitwa tripeiros, walaji wa utumbo. Poland kuna flaki, supu ya utumbo wa ng'ombe. Ugiriki kuna patsas, ambayo watu wanainywa usiku wa manane au alfajiri wakitoka kunywa, yaani kazi ile ile ya supu ya makongoro. Kwa mpenzi wa mutura, Wahispania wa Burgos wana morcilla, soseji ya damu iliyochanganywa na wali, Wafaransa wana boudin noir. Tahadhari: damu ya huku karibu kila mara ni ya nguruwe.

Na maziwa mgando! Watu wanahangaika kuyagandisha juu ya kabati la jikoni wakati Mswidi ana filmjölk kwenye kila friji, Mfini ana piimä, na Mpolandi ana zsiadłe mleko, ambayo anaila kiangazi na viazi vipya vilivyonyunyiziwa majani ya bizari. Mpolandi huyo huyo ana żurek, supu ya unga wa rai (nafaka jamii ya ngano) uliochachushwa siku kadhaa. Aliyekulia kwenye uji wa chachu ataikubali kijiko cha kwanza.

Na upande wa vitamu? Kuna mandazi?

Ulaya nzima inakaanga unga. Ukitaka mandazi yenye iliki, nenda Kaskazini. Hili linawashangaza wengi, lakini Waswidi na Wafini wanatia iliki kwenye mikate yao mitamu kwa mkono usio na choyo. Pulla ya Kifini ina iliki, na kardemummabulle ya Kiswidi ni iliki tupu. Waswidi wana hata siku ya mkate wa mdalasini, tarehe 4 Oktoba, tangu mwaka 1999. Wakati wa kuelekea Kwaresima wanakula semla, mkate wa iliki uliokatwa kichwa, ukajazwa lozi zilizosagwa na malai yaliyopigwa. Siku yake rasmi ni Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, lakini maduka yanaanza kuuza mapema sana, na hakuna anayelalamika kwa dhati.

Wapolandi wanakaanga Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, Tłusty czwartek, "Alhamisi Nono". Siku hiyo kuna foleni kwenye viwanda vya mikate toka asubuhi, watu wakinunua pączki zilizojazwa jemu. Wadachi wanakaanga oliebollen mwisho wa mwaka, zikiwa na zabibu kavu ndani na sukari ya unga juu.

Ila kama moyo unataka kalimati, nauli ya kweli ni ya Ugiriki. Loukoumades ni madonge ya unga wa hamira, yanakaangwa kwenye mafuta mengi, yanamwagiwa asali na mdalasini. Jina lao limepitia Uturuki likitoka kwenye Kiarabu, luqma, maana yake tonge. Wapwani watatabasamu.

Desemba ni mwezi wa viungo. Speculaas za Wadachi na Wabelgiji, Lebkuchen za Nuremberg, zote zina mdalasini, kungumanga na karafuu, ile ile ambayo Unguja na Pemba zilitawala biashara yake karne ya 19. Nikifungua pakiti ya biskuti hizo natokea Darajani kwa sekunde tatu, kisha narudi kwenye theluji.

Mwezi Januari Wafaransa wanakula galette des rois, keki ya Epifania yenye kidubwasha cha kauri kilichofichwa ndani. Atakayekipata anavishwa taji la karatasi. Tafuna taratibu, jino halina spea. Tarehe 2 Februari ni zamu ya chapati zao nyembamba, crêpes. Na Lisbon kuna vijikombe vya unga vyenye kastadi iliyoungua kidogo juu, pastéis de nata. Duka la Belém limekuwa likiviuza tangu 1837. Foleni yake ni ndefu lakini inaenda haraka, ingawa kwa maoni yangu mkahawa wowote wa mtaani wenye tanuri yake ukivipata vya moto hupungukiwi kitu.

Kwa nini watu wanakula mkate mkavu saa kumi na mbili jioni na kuuita chakula cha usiku?

Wajerumani wanauita Abendbrot, "mkate wa jioni". Kwa desturi yao chakula cha moto kilikuwa cha mchana, jioni ni mkate, jibini, nyama za kukatwa na matango ya siki. Mwanzoni unahisi umeadhibiwa. Lakini taasisi yao ya mkate imeorodhesha aina zaidi ya 3,000, kwa hiyo neno "mkate" kwao limebeba mzigo mkubwa kuliko slesi zetu nyeupe. Chukua mkate mweusi wa rai, paka siagi ya kutosha, weka jibini kali. Wiki ya tatu utaanza kuuchagua mwenyewe.

Saa za kula zinabadilika kadiri unavyoshuka kusini. Mnorwe anaweza kumaliza chakula chake kikuu saa kumi na moja jioni. Mhispania anakula cha mchana saa nane au tisa, na cha usiku saa tatu hadi nne usiku. Ukienda mkahawani Madrid saa kumi na mbili jioni utakuta watalii na viti. Mhispania ana dawa ya pengo hilo: vipande vidogo vya tapas, unakula ukiwa umesimama, unahamia baa nyingine. Na mchana tafuta menú del día: chakula cha kwanza, cha pili, kitamu au kahawa, mkate na kinywaji, vyote kwa bei moja.

Kuhusu baguette ya Ufaransa: omba "tradition". Kwa amri ya serikali ya mwaka 1993 mkate unaobeba jina hilo hauruhusiwi kugandishwa wala kutiwa viongezi. Kesho yake utakuwa mgumu kama rungu. Ndivyo mkate usio na dawa ulivyo. Ule leo, ukiwa njiani kurudi nyumbani, ukiukata kichwa kwa meno kama wafanyavyo wao.

Maziwa yananivuruga tumbo. Jibini nitaweza?

Mara nyingi ndiyo. Watu wazima wengi wenye asili ya Afrika hawameng'enyi laktosi, yaani sukari ya maziwa, vizuri, hilo si ugonjwa. Lakini jibini iliyokaa muda mrefu karibu haina laktosi kabisa, kwa kuwa bakteria wameshaila: Parmigiano Reggiano (isiyopungua miezi 12), Gruyère, Gouda ya zamani. Jibini changa na laini ndizo za kuangalia. Maziwa yaliyochachushwa nayo huvumilika zaidi kuliko maziwa matupu. Kwa kahawa nunua yaliyoandikwa laktosefrei, sans lactose au laktoositon. Wafini hasa ndio mabingwa wa bidhaa hizi.

Ukiwa mjamzito, kaa mbali na jibini laini za maziwa mabichi. Kwenye kifungashio utaona lait cru au Rohmilch.

Mimi ni Mwislamu. Vitafunwa gani vina nguruwe aliyejificha?

Swali hili linastahili jibu refu, maana nyama yenyewe ni rahisi kuiepuka kuliko mafuta yake.

Jifunze kwanza maneno mawili ya nchi uliyopo, la nguruwe na la mafuta yake. Kijerumani ni Schwein na Schmalz, Kifaransa porc na saindoux, Kihispania cerdo na manteca, Kiitaliano maiale na strutto, Kidachi varken na reuzel. Mpoland anasema smalec. Kwa maneno hayo utagundua kwamba mantecados za Krismasi huko Hispania zinatengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, tena yamo kwenye jina lenyewe. Ensaïmada ya Mallorca hali kadhalika, saïm ni mafuta hayo hayo kwa Kikatalani. Pączki na maandazi ya Kijerumani kwa mapishi ya zamani yalikaangwa humo. Siku hizi wengi wanatumia mafuta ya mimea, lakini uliza.

Pipi laini za kutafuna mara nyingi zina jelatini ya nguruwe. Jelatini lazima itajwe kwenye orodha ya viambato, ila mnyama wake si lazima, kwa hiyo pipi isiyosema kitu muachie mwenzako. Maduka ya Waturuki yanauza zenye jelatini ya ng'ombe.

Chipsi za Ubelgiji zinakaangwa mara mbili, na kwa jadi ni ndani ya mafuta ya ng'ombe. Si nguruwe, lakini ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa niaba yako, na vibanda vingine vinakaanga nyama nyingine kando. Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, na hapo maoni ya wanazuoni yanatofautiana, muulize unayemwamini. Fondue ya Uswisi, yaani jibini iliyoyeyushwa, ina divai nyeupe, tiramisu mara nyingi ina pombe, na keki za kahawa za Wajerumani zinapenda sana ramu. Neno la kuuliza ni moja tu karibu kila nchi: alkohol, alcool, alcohol.

Kinachobaki halali bila jasho ni kingi: samaki wa Ureno, mafuta ya zeituni na dengu za Ugiriki, mikate mingi ya kawaida, jibini za kimeng'enya cha mimea, viazi vya kila namna, na döner ya Berlin, nyama ya kukatwa ndani ya mkate, kwa muuzaji unayemjua. Wahamiaji wa Kituruki waliifanya kuwa chakula cha mji huo tangu miaka ya 1970, na leo ni ya wenyeji kama ilivyo soseji.

Tarehe imepita jana. Nitupe?

Soma ni tarehe ya aina gani. Mindestens haltbar bis, à consommer de préférence avant, ten minste houdbaar tot: hizi zinasema ubora unaanza kushuka baada ya siku hiyo. Mtindi wa jana unanusa, unaonja, unakula. Lakini zu verbrauchen bis, à consommer jusqu'au, te gebruiken tot ni amri, na zimewekwa kwenye nyama ya kusaga, samaki wabichi na vitu vya namna hiyo. Hizo usibishane nazo.

Kwa wenye mzio: sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitu 14, vikiwemo karanga, ufuta, maziwa na samaki, vionekane wazi kwenye orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nene.

Mkahawani, kipi ni cha bure na kipi kitanishtua kwenye bili?

Ufaransa, jagi la maji ya bomba na mkate wa mlo ni bure. Sema "une carafe d'eau" bila haya. Hispania nayo tangu 2022 sheria inaitaka mikahawa itoe maji ya bomba bure. Ujerumani jiandae kulipia maji, tena wakati mwingine kwa bei inayokaribia ya bia, na usipotamka utaletewa yenye mapovu. Italia kuna coperto, ada ya kukaa mezani inayoandikwa kwenye menyu. Na kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukiketi.

Ureno ndiko wageni wanakonaswa. Unaketi, unaletewa mkate, zeituni na jibini kidogo, unafikiri ni ukarimu. Vinalipiwa. Usivyovigusa hulipii, ndivyo sheria inavyosema, kwa hiyo ama uvirudishe kwa upole ama uvile kwa furaha ukijua.

Bakshishi: Ufaransa huduma imo kwenye bei. Ujerumani watu wanaongeza kama asilimia 5 hadi 10, na unamtajia mhudumu jumla unayotaka kulipa. Fedha haziachwi mezani.

Ni mwanafunzi. Nitakulaje vizuri bila kufilisika?

Bwalo la chuo. Ujerumani linaitwa Mensa na lina bei tatu kwa sahani ile ile: ya mwanafunzi, ya mfanyakazi na ya mgeni. Beba kitambulisho. Finland serikali inachangia mlo wa mwanafunzi kupitia Kela, shirika lake la hifadhi ya jamii, na mlo huo kwa kawaida unakuja na saladi, mkate na kinywaji. Kula hapo mchana, jioni kula mkate kama wenyeji.

Soko la wazi uende nusu saa kabla halijafungwa, wakati muuzaji anapiga hesabu ya kurudisha mzigo. Kwetu tunajua kazi hiyo. Programu ya Too Good To Go, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inauza mabaki ya siku ya mikate na mikahawa kwa bei ya chini, ila huchagui utakachopewa. Kuna siku utabeba croissant tisa.

Chupa usitupe. Ujerumani chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo lina amana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine ya dukani. Chupa nane ni euro 2. Na Ijumaa jikumbushe kwamba Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, isipokuwa ya stesheni. Kila mgeni hujifunza hili mara moja, akiwa na njaa.

Nimealikwa nyumbani kwa mtu. Kuna la kujua?

Fika kwa saa. Saa tisa alasiri kwa Mjerumani aliyekuita kunywa kahawa na keki ni saa tisa, na keki imeshakatwa. Beba maua, chokoleti au kitu cha kwenu.

Kubwa zaidi, sikiliza umealikwa kwenye nini. "Njoo kahawa" ni kahawa. Kwetu mgeni akikuta sufuria jikoni anahesabiwa sahani. Kaskazini mwa Ulaya chakula kimehesabiwa kabla hujagonga mlango. Mwaka 2022 dunia ilicheka sana mtandaoni baada ya watu kusimulia jinsi mtoto mgeni Uswidi anavyoweza kusubiri chumbani wenzake wakila. Waswidi wengine walikana, wengine walieleza kwamba ni kuheshimu ratiba ya wazazi wa mtoto. Vyovyote iwavyo, kula kidogo kabla ya kutoka. Kusini mambo ni mengine kabisa: mama wa Kigiriki au wa Sicilia akikuona umeweka uma chini anakuongezea, na hapo utajisikia kwa shangazi.

Mkienda mkahawani pamoja, kila mtu analipa chake ila ikisemwa vinginevyo. Hakuna ugomvi hapo.

Nimeona watu wanachuma matunda na uyoga msituni. Na mimi ruksa?

Uswidi, Norwe na Finland sheria ya uhuru wa kutembea inamruhusu kila mtu, raia au mgeni, kuchuma matunda mwitu hata kwenye msitu wa mtu, mradi usisogelee bustani na nyumba yake. Buluberi ni Julai na Agosti, lingonberi nyekundu ni Septemba. Ndoo yako, mgongo wako, na mbu wao ambao hawana malaria ila wana hasira.

Uyoga usijaribu peke yako. Uko mmoja, Amanita phalloides, unaofanana na unaoliwa katika nchi nyingine, na unaharibu ini baada ya siku mbili tatu ukidhani umepona. Kujua uyoga wa kwenu hakukusaidii hapa. Uswisi kuna wakaguzi rasmi unaowapelekea kikapu wakague. Majani ya kitunguu saumu mwitu, Bärlauch, nayo hufanana na ya mmea wenye sumu unaoota jirani yake. Nunua sokoni.

Kipi kinashinda wengi?

Salmiakki ya Wafini na drop yenye chumvi ya Wadachi. Ni pipi nyeusi yenye kloridi ya amonia. Mara yangu ya kwanza nilidhani nimelishwa dawa ya kutolea mba. Mett ya Wajerumani, nyama ya nguruwe mbichi ya kusaga juu ya mkate na kitunguu, sijaijaribu na sina mpango. Surströmming ya Waswidi, samaki waliochacha ndani ya kopo mpaka kopo likavimba, hufunguliwa nje ya nyumba. Msimu wake unaanza Alhamisi ya tatu ya Agosti.

Lakini samaki haring wa Wadachi usimkimbie kwa sababu ni "mbichi". Anavuliwa akiwa amenona, anatiwa chumvi, na ni lazima agandishwe kwanza kuua minyoo. Anauzwa kuanzia Juni. Mshike mkia, mchovye kwenye kitunguu, inua kichwa. Ni mlaini kuliko siagi.

Pilipili je?

Ureno wana piri-piri, neno ambalo ukoo wake unausikia. Calabria, kusini mwa Italia, wanakula pilipili kwa ushindani. Kwingine kote, ukiambiwa "kali sana" usiamini. Beba kichupa chako.

Nikirudi likizo, naruhusiwa kuja na nini, na kwenda nyumbani nibebe nini?

Kuingia Umoja wa Ulaya ukitokea Afrika Mashariki: nyama na maziwa marufuku, hata kama ni nyama kavu ya mama. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, waliotolewa matumbo kama ni wabichi, kwa hiyo dagaa hawana tatizo. Asali hadi kilo 2. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe, basi, ulile huko huko Dar es Salaam. Uingereza na Uswisi zina kanuni zake.

Kwenda nyumbani, chokoleti ni zawadi mbovu kwa safari ya Dar: inafika imekuwa rojo. Biskuti za viungo zinasafiri vizuri, na stroopwafel za Gouda nazo; zile unaziweka juu ya kikombe cha chai ya moto, mvuke unalainisha shira iliyo ndani. Jibini ngumu iliyofungwa bila hewa inafika salama, ingawa jiandae kusikia "mbona inanuka miguu?" Na kabla hujampa bibi sanduku la peremende za Ubelgiji, soma nyuma. Nyingine zina konyaki ndani, na bibi atazimaliza zote kabla ya Magharibi akisema dawa hii imemtuliza kifua.